Kamusi Iliyokatwa Vipande Vinne

Mtu akikuuliza get maana yake nini, usimjibu haraka. Nawaambia ninyi mnaoanza ualimu leo, mnaoingia darasani na kamusi ndani ya simu. Mimi nilijibu haraka kwa miaka mingi. Nilikuwa nasema, "Get ni kupata," nageukia ubao, naendelea na safari yangu. Watoto waliandika, kama walikuwa na daftari. Asiye na daftari alichora kwa kijiti kwenye paja lake kavu, mistari myeupe ikatokea, akaenda nayo nyumbani akiomba asikutane na mto njiani.

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na kitu. Mingi ya hiyo ilikuwa katika shule moja ya sekondari pembeni mwa Bunda, ambayo jina lake nitalimeza, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si la shule. Ni langu. Kwetu ni Butiama, siku hizi naishi Musoma, na wajukuu hata majirani wananiita Mwalimu kana kwamba sina jina lingine. Kila nikiitwa hivyo kuna kitu kinanichoma, na leo nataka mjue ni kitu gani.

Kazi hii nilifundishwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mafuru, niliyemkuta Musoma mjini nilipoanza. Alikuwa na mashati mawili, yote meupe, na tabia moja niliyoichukia. Mwanafunzi akimuuliza neno asilolijua, alikuna kidevu akasema mbele ya darasa zima, "Hili limenishinda. Nalala nalo, kesho nawaletea." Na kesho yake alileta kweli. Mimi kijana mwenye cheti kipya niliona haya kwa niaba yake. Siku moja ofisini nikamwambia, kwa adabu, kwamba watoto watamdharau.

"Wambura," akaniambia, "wewe unaogopaga maneno marefu, eti? Neno refu halina shida. Linakuja na maana moja, unalipokea, linakaa. Ogopa haya mafupi. Get, take, put. Haya yana ndugu kila kijiji. Ukidhani umemaliza kuwasalimia, wengine wanabisha hodi."

Nilicheka. Nilidhani mzee anatetea ujinga wake.

Halafu nikahamia Bunda, na ile miaka ya shida ikatukuta huko. Mliozaliwa baada ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, hamuwezi kuipata picha. Ukiingia dukani ulimkuta mwenye duka na mizani yake, basi. Sabuni ilikuwa majani ya mpapai. Chaki zilipoisha tuliandika kwa makopa, ile mihogo iliyokaushwa, na nitawapa ufundi wake kwa sababu hamjui ya kesho. Chagua kipande kisicho na ule uzi mgumu wa katikati. Kikauke juani siku nne. Usiandike nacho asubuhi ya mvua, kinanata. Na stoo ifungwe, maana muhula mmoja mbuzi wa mkuu wa shule aliingia akala chaki zote, tukafundisha kwa mdomo wiki mbili huku mbuzi mwenyewe anapita dirishani amenenepa.

Kamusi ilikuwa moja. Aliiacha mwalimu mmoja Mzungu aliporudi kwao, kitabu kinene, karatasi zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Walimu wa Kiingereza tulikuwa wanne, vidato vinne, kamusi moja. Tuligombana hadi tukaacha kusalimiana. Mkuu wa shule akaumaliza ugomvi kwa kisu. Sitanii. Aliipeleka kwa fundi viatu pale Bunda, fundi akaipasua mgongo ikawa vipande vinne, kila kipande akakishona kwa uzi wa nyavu na kukipa jalada la mfuko wa saruji. Kila mwalimu akachukua kipande akakiweka nyumbani kwake. Mimi nilipewa F hadi M. Mwenye S alikuwa amepanga Kabasa, kwa hiyo ukitaka maana ya neno linaloanza na S ulikwenda Kabasa kwa miguu. Sentensi moja ya maneno matano iliweza kukutembeza nusu siku. Wanafunzi nao waliruhusiwa kuja Jumamosi kusoma vipande nyumbani kwa walimu, wakiwa wamekaa barazani, na mwenye kipande alitakiwa awe macho.

Sasa nafika pale ambapo kila mara natamani kupita mbio.

Nilikuwa mvutaji. Sigara za dukani ziliadimika, tukabaki na tumbaku ya kienyeji, ile ya kusokota mwenyewe. Tumbaku ilipatikana. Karatasi ya kuisokotea ndiyo ilikuwa kazi. Gazeti linakuna koo. Karatasi ya daftari inawaka kuliko tumbaku yenyewe. Mke wangu alikuwa na Biblia yenye karatasi laini, akaona ninavyoitazama, akaihamishia chini ya mto wake na kuniambia kwamba siku atakayokuta hata Mambo ya Walawi imepungua, atarudi kwao.

Basi mkono ukaenda kwenye kamusi. Nilijiwekea sheria: nitavuta maneno ninayoyajua tu. Yale magumu niliyahifadhi kwa heshima. Nikafungua G. Get, get, get, ukurasa mzima, na wa pili, na wa tatu. Nikajiambia, nani asiyejua get? Nikaweka rula, nikakata taratibu nisiache meno. Karatasi moja ilitoa misokoto sita. Baada ya get nikaingia give, na go niliimaliza kabla ya Pasaka. Nilivutia nyuma ya jiko, nikitupa vipisi hapo hapo uani, bila hata wasiwasi. Nawaeleza haya mkicheka, na chekeni, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nacheka wakati ule.

Kidato cha tatu kulikuwa na binti anaitwa Nyanjura Masatu, mtoto wa mvuvi wa Kibara. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na ubaya mmoja kwa mwalimu wa aina yangu: alisikiliza. Siku moja niliandika ubaoni hadithi ya bibi mmoja mgonjwa. Mwisho wa hadithi palikuwa na maneno, she got over her illness. Nyanjura akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo got over ya bibi ndiyo nini?"

"Got ni alipata. Over ni juu," nikasema. "Alipata kuwa juu ya ugonjwa. Yaani aliuruka."

"Aliurukaje, Mwalimu, na yuko kitandani?"

Darasa likacheka, na nikajua hawamcheki yeye. Nikamtoa nje akapige magoti kwenye kokoto mpaka kengele, kwa kosa la utovu wa nidhamu. Maana ya got over ni kwamba bibi alipona. Kumbe ni hivyo tu. Mwalimu Mafuru angelala nalo, asubuhi angelileta, na bibi angepona bila mtoto yeyote kuchubuka magoti.

Jumamosi yake Nyanjura alikuja kwangu. Alinisalimia, "Shikamoo Mwalimu," kana kwamba kokoto hazikuwapo, akaomba kipande cha G. Nilitafuta sababu ya kumnyima nikaikosa. Akakaa kwenye kigoda pale uani karibu na jiko, akafunua. Akarudisha nyuma. Akafunua tena polepole, anahesabu namba za kurasa kwa kidole.

"Mwalimu, hapa inatoka gesture inakwenda grace. Kurasa za katikati hazipo."

"Fundi viatu aliziharibu akishona," nikamwambia. "Funga, uende."

Hakwenda mara moja. Aliinamisha macho akakaa anatazama chini, karibu na mguu wa kigoda. Nilidhani ni adabu.

Kuanzia wiki ile alifanya kitu ambacho ndicho kinanifanya nimwite mwalimu wangu wa pili. Alichukua daftari la hisabati lililobaki kurasa, akaanza kukusanya kila sentensi yenye get aliyokutana nayo. Kwenye karatasi ya dawa ya zahanati. Kwenye kalenda ya kanisa. Kwenye redio ya jirani, akiandika alivyosikia. Hakuandika maana pembeni. Aliandika nani anamwambia nani, na baada ya hapo kilitokea nini. Nafasi ya maana aliiacha tupu mpaka apate sentensi tatu zinazokubaliana, ndipo akaijaza kwa Kiswahili, na wakati mwingine kwa Kijita, lugha ya kwao, kwa sababu Kiswahili kilipungua. Niliokota daftari hilo chini ya dawati siku moja, nikalisoma lote nimesimama. Nilijifunza get kutoka kwa mtoto niliyempigisha magoti kwa sababu ya get. Nikalirudisha chini ya dawati, sikumwambia neno.

Mwisho wa muhula tukasikia wakaguzi wanakuja kutoka Musoma. Mkuu wa shule akatangaza vipande vyote vinne virudi ofisini vihesabiwe. Nilifikiria kukipoteza kipande changu, nikafikiria kusema nyumba imevuja. Nilikuwa bado nafikiria wakati mkuu wa shule anafunua G mbele ya walimu wote.

"Wambura, hapa kurasa ziko wapi?"

Nikainama kana kwamba nazitafuta. Sikuwa nimepanga lolote, naapa kwa hilo, ingawa kiapo changu mnajua sasa kina uzito gani. Akauliza tena kwa njia nyingine.

"Nani wa mwisho kusoma kipande hiki?"

"Nyanjura," nikasema.

Sikusema amechana. Nilisema jina, na lilikuwa jibu la kweli kwa swali nililoulizwa, na ukweli wake ndio ulionisaidia kulitamka bila kutetemeka. Kwa siku zile hilo lilitosha. Wanafunzi walikuwa wakichana vitabu na kuwauzia wauza karanga karatasi za kufungia, na kila shule ilikuwa na hadithi yake. Nyanjura akaitwa. Akasimama mlangoni, akaulizwa, akasema, "Sikuchana, Mwalimu mkuu." Akanitazama mara moja. Mimi nilikuwa natafuta kitu ndani ya droo, na droo ile haikuwa na kitu.

Akarudishwa nyumbani mpaka mzazi alete kamusi nyingine. Kila mtu mle ofisini alielewa maana yake. Kamusi haikuwapo Bunda, haikuwapo Musoma, na mvuvi wa Kibara angeitoa wapi? Ilikuwa ni kumfukuza kwa lugha ya upole. Zilikuwa zimebaki siku chache sana kabla ya kidato cha nne, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

Wiki iliyofuata baba yake alikuja nyumbani kwangu. Mzee Masatu, mwembamba, mikono ina alama za kamba. Aliniletea samaki, sato wakavu watatu wamefungwa kwa majani. Akakataa kiti kwanza, nikamsihi, akakaa.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma," akasema. "Nimekuja unieleze hicho kitabu kikoje, nisije nikauziwa kingine."

Nikamwonyesha kwa mikono. Unene huu. Urefu huu. "Na karatasi zake ni nyembamba sana, mzee."

"Nyembamba namna gani?"

"Kama ganda la kitunguu."

"Hizo si zinaunguaga upesi?"

"Ndiyo, mzee. Zinaungua upesi."

Akanywa maji aliyopewa na mke wangu. Akakaa. Alikaa muda mrefu kuliko mtu aliyekwisha kupata alichokuja kuuliza, na mimi nikawa natazama kuku. Mwisho akasema, "Hakuna lingine la kuniambia, Mwalimu?"

"Hakuna, mzee. Nakutakia safari njema."

Wale sato tuliwala. Sitawaficha hata hilo.

Mzee Masatu alikuwa na wavu mmoja mpya wa nailoni, alioungojea kwenye foleni ya ushirika miaka miwili. Wavu wakati ule ulikuwa shamba, ulikuwa ng'ombe, ulikuwa kila kitu. Aliuchukua hadi Kisorya, akampa mtu wa Ukerewe. Alichopewa akawakabidhi vijana waliokuwa wakivusha bidhaa kwa njia za panya huko mpakani Sirari, na muhula mzima ulipopita kamusi ikafika, imefungwa ndani ya kitenge cha mke wake. Ilikuwa ndogo kuliko ile yetu, lakini nzima. Mkuu wa shule akaniita mimi niikague, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa somo. Mzee Masatu amesimama hapo, kofia mkononi. Nikafungua G. Get ilikuwapo yote.

"Inafaa," nikasema.

Tumbaku niliiacha mwezi ule. Msinisifu, niliacha kwa sababu kila nikisokota nilimwona yule mzee, kofia mkononi.

Nyanjura alirudi darasani amekosa muhula. Alinisalimia kila siku, alijibu akiulizwa, ila mkono hakuunyoosha tena kwenye kipindi changu. Mtihani wa mwisho alifaulu kiasi cha kwenda chuo cha ualimu wa shule za msingi. Wengine walimpongeza. Mimi nilijua alikuwa wa kwenda kidato cha tano na mbele zaidi, nilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilisoma lile daftari. Na baba yake, aliyekuwa mwenye wavu, akawa mtu wa kuvuta nyavu za wenzake na kupewa fungu la furu, vile visamaki vidogo. Habari hizo nililetewa na wachuuzi wa samaki bila kuuliza. Bunda si mbali na Kibara. Mtu akitaka kwenda anafika siku hiyo hiyo, na mimi sikwenda.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa mpaka bidhaa zikalala nje. Siku moja katika soko la Musoma nikakuta kamusi zimepangwa chini kwenye turubai, katikati ya suruali za mitumba na betri za redio, muuzaji anaziita kama anavyoita nyanya. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Kitu kilichomgharimu mzee wavu wake kilikuwa kinakanyagwa pembeni na wapita njia.

Wakati huo kila mtu alitaka Kiingereza. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa, na mawakala wa samaki walitaka kuongea na wanunuzi wenyewe bila mtu wa kati. Wakaja kwangu, nikaanza kuwafundisha alasiri. Wanaume wazima, wananuka samaki, wanalipa vizuri, na hawana subira. Nikawafundisha get kwa njia ya Nyanjura. Kila mmoja alete sentensi aliyoisikia kiwandani, aseme nani alimwambia nani na kilitokea nini. Sentensi tatu zikikubaliana, tunaandika maana. Hii ndiyo njia bora ninayoijua, na nawasihi muitumie. Orodha ya maana kumi unamkaririsha mtoto asubuhi, jioni amebaki na kupata peke yake.

Mmoja wa mawakala hao, kijana wa Kibara anaitwa Bwire, akacheka. "Mwalimu, hii njia anayo Mwalimu Nyanjura kule kwetu. Watoto wake wanatembeaga na vidaftari hata gatini. Kumbe aliipata kwako?"

Mngefanyaje ninyi? Mimi niliitikia kwa kichwa.

Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu. Nilikuwa nimekula sato wa baba yake, nimekula muhula wake, na sasa nilikuwa nimekula na njia yake. Kesho yake nilinunua kamusi, ile nene kuliko zote. Halafu, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia kweli, ikakaa kabatini mwaka mzima. Kila nikitaka kwenda Kibara, nilikumbuka kazi.

Nilipokwenda, nilikwenda kwa sababu mke wangu aliitoa kabatini akaiweka juu ya sahani yangu, mahali pa ugali. Nilikuwa nimemwambia yote. Alisema, "Kama hii unaweza kuila, kula."

Niliwakuta nyumbani, Jumamosi mchana. Nyanjura alikuwa anasahihisha madaftari kibarazani, mama mtu mzima sasa, miwani puani. Mzee Masatu alikuwa amekaa kwenye mkeka akishona wavu wa mtu mwingine, sindano ya mti inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Nilimpa mzee shikamoo, Nyanjura akanipa mimi yangu. Nilikataa kiti. Nikasema kila kitu nimesimama, kamusi kwapani, nikianza na tumbaku na kumalizia na droo. Nilipomaliza, mzee hakuwa ameacha kushona.

"Tulijua," akasema.

Nyanjura akavua miwani. "Siku ile pale kwenye kigoda, Mwalimu, niliona vipisi. Vilikuwa na herufi ndogondogo. Nikaokota kimoja wakati nafunga kitabu. Kilikuwa kimeandikwa get. Niliporudishwa nyumbani nikampa baba."

"Mimi nilitaka kwenda kwa mkuu wenu na kile kipisi," akasema mzee. "Halafu nikawaza, nikishinda, nani atamfundisha huyu? Walimu wote mtakuwa upande mmoja. Basi nikaja kwako kwanza. Nilijua kitabu kikoje, Nyanjura alishanieleza. Nilikuja ili uniambie mwenyewe. Nikakuuliza karatasi zinaungua upesi, ukasema zinaungua upesi."

Nilikuwa nimebeba siri yangu miaka yote ile nikidhani ni yangu peke yangu, kumbe wenyewe waliijua kabla ya wavu kuuzwa, na wavu ukauzwa hivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye udongo, na hakuna aliyeniambia ninyanyuke.

"Nisomee hizo kurasa," akasema mzee. "Nataka kujua wavu wangu ulinunua nini."

Nikafungua G. Nikasoma kwa Kiingereza kisha Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Kupata. Kufika. Kuleta. Kuelewa. Kuugua. Kupanda gari, kushuka gari. Kuamka. Nilipokwama kwenye Kiswahili, Nyanjura alimwambia baba yake kwa Kijita. Nilipofika got over nikasita, na Nyanjura akasema, "Endelea, Mwalimu," kwa sauti ile ile ya chini. Nikasoma: kupona. Mzee aliguna tu. Tulimaliza jua limehama kutoka kibarazani.

"Ni neno moja hilo lote?" akauliza.

"Ni moja, mzee."

"Na wewe uliliona rahisi."

"Ndiyo."

Nyanjura akasema kamusi ataipokea, lakini si yake, itakaa shuleni kwake, na kila kitu kinacholetwa shuleni kinaandikwa ukurasa wa mbele nani amekileta na kwa nini. Ndivyo anavyowafundisha watoto wake. Akanipa kalamu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikaifunga haraka, nikampa.

Mzee akanyoosha kidole. "Nisomee, mwanangu. Ameandika nini?"

Nyanjura akafungua. "Kamusi hii imeletwa na Mwalimu Wambura badala ya kurasa zilizopotea."

Sindano ya mzee ikasimama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Zilipotea?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Nikaomba kalamu tena. Nikalikata neno lile la mwisho kwa mstari mmoja, ili lionekane bado, kama tunavyowafundisha watoto kusahihisha, nikaandika mbele yake: "nilizozivuta kama sigara, kisha nikataja jina la mwanafunzi." Nyanjura akamsomea baba yake yote, na lile lililokatwa pia.

Mzee Masatu akasogeza wavu pembeni, akanipisha kwenye mkeka.

"Haya," akasema. "Sasa nawa mikono, tule."